Shuka la Ma Sapiya

Mtu mmoja wa Bangkok, mwenye miwani ya duara na viatu visivyofaa mchangani, aliwahi kusimama mbele ya batiki ya Masut kwa muda wa kutosha kunywa glasi mbili za chai, kisha akatamka kwamba aliyokuwa akiyaona ni sanaa dhahania yenye hofu ya utupu. Masut alikuwa akikwangua nta iliyoganda kwenye sufuria. Alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamwonyesha kwa ncha ya kisu.

"Hapa ni mita kumi na mbili kutoka chini," alisema. "Shimo hili linaingia vidole viwili. Ukiingiza vitatu, hutoki."

Yule mtu aliandika kitu kwenye daftari. Haijulikani aliandika nini, ila hakurudi.

Masut alichora miamba tu. Hakuchora bahari, ingawa ilikuwa mlangoni, wala minazi, wala machweo, vitu ambavyo maduka mengine yote ya mji wa pwani wa Ao Nang yalivichora mpaka vitambaa vikaomba radhi. Watu hakuwachora kabisa. Kwanza kwa sababu imamu wa mtaa alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo, na pili kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mtu akishapanda mwambani huoni chake kingine isipokuwa makalio.

Na miamba yenyewe hakuichora kama macho yanavyoiona. Aliichora kama mikono inavyoikumbuka. Ufa mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, ambao mpandaji anaupita bila kuugusa, kwake ulikuwa uzi mwembamba pembeni. Na kijishimo cha ukubwa wa tembe ya dawa, ambacho kidole gumba chake cha kushoto kilikishikilia kwa roho yake yote mwaka 1996, kilikuwa kikubwa kama dirisha. Wapandaji walioingia dukani walijikuta wakinyoosha mikono hewani, wakitafuta mashiko. Watalii wengine waliuliza kama ipo yenye tembo.

Ufundi huu hakuupata chuoni. Babu yake mzaa mama alikuwa mkusanyaji wa viota vya mbayuwayu, vile ambavyo Wachina wenye uwezo huvipikia supu, na kazi yake ilikuwa kupanda ndani ya mapango ya visiwani kwa mianzi aliyoifunga mwenyewe. Kila pango alilichora kwa mkaa kwenye mbao za ukuta wa jiko: mwanzi unaanzia hapa, unakata kushoto pale, unafika kwenye viota. Zilikuwa ramani za siri, ndiyo maana aliziweka jikoni, mahali ambapo wanaume wa siku zile hawakuingia kuuliza maswali. Na kila mtu alipoanguka akiwa anapanda, mzee alirudi nyumbani akaufuta mstari kwa dole gumba pale pale alipoangukia, pakabaki pengo, ili asitokee wa kufunga mwanzi hapo tena. Aliyeanguka akishuka hakufutiwa kitu. Watu wa kazi ile walikuwa na sheria moja, fupi kuliko zote za serikali: ukianguka ukipanda, wa kuulizwa ni aliyekufungia mianzi, ukianguka ukishuka, basi mianzi ilishakubeba ikakufikisha, hakuna wa kuulizwa, siku yako imefika.

Ma Sapiya, binti wa mzee huyo na mama yake Masut, alikua akipika chini ya mistari hiyo na aliisoma kama wengine wanavyosoma kalenda. Masut na mdogo wake Asman nao walikua chini yake, macho ukutani, huku mchuzi mchachu wa samaki ukiwatoa machozi. Ukuta ulikuwa na mapengo matatu. Ma Sapiya aliwataja wenyewe kwa majina, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jamaa waliochelewa kula.

Baadaye nyumba ilijengwa upya kwa matofali, na zile mbao zikapikia biriani ya harusi ya Masut. Fatonah, bibi harusi, alikuja kutoka Phuket, kwa hiyo hakuwahi kuziona. Ila alizila.

Wazungu walipoanza kufika ufuko wa Railay na kamba zao za rangi rangi, watu wa pwani waliwahurumia. Kupanda jiwe ambalo juu yake hakuna kiota wala asali kulionekana ni dalili ya kitu. Masut alikuwa na miaka ishirini, akiosha vyombo katika mkahawa. Alasiri moja alivua kandambili akapanda nyuma ya Mswidi mmoja mwekundu, akafika juu, akakuta hakuna chochote, akashuka, na tangu siku hiyo hakufaa tena kwa kazi ya maana. Akawa mwalimu wa kupanda. Nyumbani alisema bado anaosha vyombo. Ma Sapiya alikuwa amewapiga marufuku wanawe wasiguse jiwe. Majina matatu yalimtosha.

Mwaka 1998 alifungua njia yake mwenyewe kwenye ukuta mrefu upande wa mashariki, pale ambapo jiwe la kijivu linakutana na jiwe la rangi ya chungwa kwa mshono mmoja unaopanda ukiyumbayumba kuanzia mchangani hadi juu kabisa. Alining'inia kwenye mshono huo siku tisa na mashine ya kutobolea, akapiga bolti kumi na moja, vyuma vya kupitishia kamba ya mpandaji, akafunga mnyororo kileleni. Kwa desturi ya wapandaji, anayefungua njia ndiye anayeipa jina, na majina mengi huwa ya utani. Masut aliiita Ma Asijue.

Ma alijua baada ya wiki mbili. Aliambiwa na muuza roti.

"Umekwenda kuniandika mwambani?" alimuuliza mwanawe mlangoni.

"Si jina lako, Ma. Ni cheo chako tu."

"Cheo changu ni kukuzaba kofi. Inama."

Masut aliinama, kwa sababu mama alikuwa mfupi na angeumia bega.

Batiki alifundishwa na Fatonah, ambaye alilelewa kwenye karakana ya shangazi yake na alishika brashi kabla ya kijiko. Waligawana kazi: Masut alichora mistari kwa nta ya moto, kwa ile kalamu ya shaba yenye kikombe kidogo na mdomo kama wa ndege, Fatonah alijaza rangi. Mstari wa nta ndio ukuta unaozuia rangi moja isiingie kwa jirani, na nta ikishachemshwa ikatoka, hubaki mweupe. Ukiwa na pengo la unene wa ukucha tu, rangi inapita na kitambaa kimeharibika. Kwa hiyo kabla ya kutia rangi, Fatonah alikiinua kila kitambaa kwenye mwanga, akakitazama kwa nyuma, na kila alipoona pengo aliliziba kwa tone la nta. Alifanya hivyo kama watu wengine wanavyofukuza nzi, bila kukatisha mazungumzo.

"Bang, hapa umeacha mlango wazi," alikuwa akimwambia. *Bang* ni kaka, na ndivyo wake wa kule wanavyowaita waume zao.

"Nilichoka."

"Wewe umechoka. Rangi haijachoka."

Asman, aliyemfuata Masut kwa miaka tisa, alikuwa mpandaji bora kuliko kaka yake na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Alipanda kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau ghorofani. Masut alipochora, mara nyingi alikuwa akichora mwendo wa Asman: pale mstari unapotulia, unapojikunja, unaporuka. Alipoulizwa kwa nini mistari yake inapendeza hivyo alisema ni kwa sababu ya mwanga.

Mwaka mmoja walikuja watu waliokuwa wakizunguka pwani ile kubadilisha bolti za zamani. Chumvi ya bahari, walieleza, hula chuma kwa ndani. Bolti inang'aa kama mpya na ndani imekuwa biskuti. Walikuwa na bolti mpya za chuma kisicholiwa na chumvi, lakini chache, hivyo wakawaomba walimu wa kupanda waorodheshe njia zenye hali mbaya. Masut aliandika njia ishirini na mbili za watu wengine. Yake hakuiandika. Alikwenda kuitazama, akaona bolti zinang'aa. Na zaidi ya hapo, kuiandika ilikuwa sawa na kukiri mbele ya kijiji kwamba mtoto wako ana chawa.

Msimu uliofuata, asubuhi moja yenye joto, Asman alifunga kamba kiunoni chini ya Ma Asijue. Masut alishika upande wa pili. Hakukuwa na mwingine pale.

"Bang, hivi vyuma vyako vya enzi za babu vinaaminika?"

"Nimevipiga mwenyewe. Vinang'aa kuliko meno yako."

"Meno yangu kayapiga Ma, hayana mfano."

Alipanda akiimba. Kwenye bolti ya sita alijifunga, akaketi kwenye mkanda apumzike, akapangusa mikono.

"Shika, Bang."

"Nimeshika."

Bolti ilikatika kwa sauti ndogo, kama kijiti cha mishikaki. Ya tano ikafuata. Chini ya hapo palikuwa na kibaraza cha jiwe ambacho Masut alikuwa amekichora mara kadhaa, kwa ukubwa wa kawaida, kwa sababu hakuna aliyewahi kukihitaji.

Kamba ilikuwa nzima, fundo lilikuwa zima, na mshika kamba naye alikuwa mzima. Vipande vya chuma aliviokota mchangani. Vilikuwa vikimetameta nje na vyeusi katikati.

Walipomfikisha nyumbani, Ma Sapiya alikuwa amesimama kizingitini. Hakuuliza kama yu hai. Alikuwa ameshaiona miguu ya wabebaji. Alimtazama Masut, akauliza neno moja ambalo angeuliza binti yeyote wa mfunga mianzi.

"Akipanda, au akishuka?"

"Akishuka, Ma," alisema Masut. "Alifika juu. Aligusa mnyororo. Alikuwa akishuka."

Ulikuwa uongo mfupi, na ulikaa nao nyumbani miaka kumi na moja. Fatonah naye aliambiwa huo huo, na kijiji kizima. Ma Sapiya alitikisa kichwa, akaenda kutenga maji ya kumwoshea mwanawe, na hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo, Masut alipokula, alikuwa akimkuta mama yake anamtazama mikono.

Hakupanda tena. Alichora. Alichora kuta zote za Railay na Tonsai na za visiwani, mashimo makubwa kama madirisha, mistari iliyojikunja na kuruka kwa mwendo wa mtu aliyekuwa amezikwa, na wajuzi wa mambo haya wakasema kazi yake imekomaa. Ukuta mmoja tu hakuuchora. Wapandaji waliokuja dukani kuutafuta waliambiwa umekwisha.

Kisha miguu ya Ma Sapiya ikaanza kuvimba.

Alikuwa mwanamke asiyependa kufanyiwa mambo kwa pupa. Kwenye bati la biskuti chini ya kitanda alikuwa na sanda yake imekatwa, sabuni, kafuri, na kijichupa cha mafuta ya msandali, vyote vimepangwa kama vya mtu anayekwenda kujifungua. Kilichokosekana ni shuka. Kwao, maiti akisubiri kuoshwa hufunikwa kwa kitambaa kizuri cha batiki, kizuri kuliko vyote vya nyumbani, na mazishi yakiisha kitambaa hicho hupewa waliomwosha, kiwe sadaka. Alimwita mwanawe.

"La kunifunika nataka mtengeneze nyie," alisema. "Nataka la mwamba wa Asman."

"Ma, tuna mengine mazuri. Kuna lile la bluu."

"La bluu mfunike mkeo."

"Nimesikia, Ma Sapiya!" alisema Fatonah kutoka jikoni.

"Ndiyo, usikie. Mimi sikuwahi kuuona huo mwamba, boti inanitapisha. Nitafunikwaje na kitu ambacho sijakiona? Nichoree, nikitazame kwanza, halafu ndiyo nitulie chini yake."

"Wewe si mgonjwa hivyo, Ma."

"Nani kasema mgonjwa? Mimi naondoka. Kuumwa wanaumwa wanaobaki."

Masut alitandaza kitambaa cheupe kwenye fremu, kirefu kuliko mtu, akakaa mbele yake siku nzima bila kuweka hata nukta. Siku ya pili alianza. Mkono ulikumbuka kila kitu, hata alivyouomba usahau. Mshono ulipanda kati ya kijivu na chungwa, na kwa kuwa kazi hii ilikuwa ya Ma, aliweka hata vitu ambavyo mikono haikuwahi kuvigusa: mti mdogo uliojishikiza pembeni, kibaraza cha jiwe. Kibaraza alikichora kikubwa kuliko kitu kingine chochote.

Alipofika kwenye bolti ya sita aliinua kalamu. Akaisogeza juu kwa upana wa dole gumba, akaishusha tena, akaendelea hadi kwenye mnyororo.

Ndilo alilokuwa ameamua. Kwa mdomo alishindwa miaka kumi na moja, na hakuona dalili ya mdomo kubadilika. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyebaki anayejua maana ya pengo katika mstari wa namna hiyo, na mtu huyo alikuwa kitandani akisubiri shuka. Rangi ya chungwa ingevuja ikaingia kwenye kijivu, doa lingekaa pale kama dole la babu, na Ma angeliona kabla hajaona kingine. Asingehitaji kuambiwa. Angeuliza tu, "Kumbe akipanda?" na Masut angesema ndiyo, Ma, na bolti nilipiga mimi. Baada ya hapo angeinama.

Alikuwa bado anauzima moto wa nta Ma Sapiya alipoanza kukosa pumzi. Masut aliacha kila kitu, akapanda pikipiki, akaenda mjini Krabi kutafuta dawa na mtungi wa hewa. Mambo ya hospitali yana foleni zake. Alirudi jua likiwa limeinamia upande wa bahari.

Ma alikuwa amelala, pumzi imetulia. Uani, Fatonah alikuwa akiosha brashi. Kitambaa kilikuwa kimejaa rangi kutoka pindo hadi pindo, kinakauka.

"Nimeona hatuna siku nyingi, nikasema nisikusubiri," alisema. "Kaniamsha mama yako mwenyewe: we Fatonah, kazi haijimalizi. Tazama chungwa hilo. Nimechanganya mara tatu mpaka likanitii."

Masut alitazama. Mstari mweupe wa nta ulipanda kutoka mchangani, ukapita kibaraza, ukapita bolti ya tano na ya sita na ya saba, mzima kama uzi wa mshonaji, mpaka juu. Chungwa lilikaa kwake na kijivu kikakaa kwake.

"Hapa katikati uliacha pengo zima, upana wa kidole," alisema Fatonah, akitingisha brashi. "Miaka yote sijaona pengo kubwa hivyo. Uzee huo, Bang. Nimekuzibia."

"Ahsante," alisema Masut.

Kutengeneza shuka lingine kungehitaji siku tatu, na hakuna aliyekuwa tayari kusema kama siku tatu zipo. Hili lilihitaji mbili, za kupakwa dawa ya kushika rangi, kusuuzwa, na kuchemshwa nta itoke. Siku mbili zinamtosha mtu mwenye ulimi. Masut alizitumia kuchochea moto chini ya pipa.

Walipomletea Ma Sapiya shuka, walimwegemeza kwenye mito. Alilivuta karibu na macho, kwa kuwa macho yenyewe yalikuwa yameingia ukungu, kisha akaweka kidole chini kabisa, mchangani, akaanza kupanda. Alipanda polepole. Alisimama kwenye kibaraza, akasema, "Hapa ndipo alipoangukia," na Masut akasema ndiyo. Akaendelea. Masut alikitazama kidole kikifika kwenye ya tano, kikafika kwenye ya sita, na akafungua mdomo. Kidole kilipita. Kilikwenda hadi kwenye mnyororo kikatulia.

Ma Sapiya aliinua uso.

"Kumbe kweli alifika," alisema. "Mwanangu, sogea."

Masut alisogea.

"Mimi sikukuamini. Siku ile ulipokuja nayo ile habari, nilikutazama usoni nikasema huyu ananidanganya, huyu kamuua mwenzake kwa vyuma vyake halafu ananificha. Miaka yote hii nakupakulia wali huku nikisema moyoni, muongo huyu. Nikitazama mikono yako nilikuwa naona alama za kucha za mdogo wako." Alishika pumzi, akaipata. "Babu yako alikuwa muongo wa kutupwa, ila ukutani hakudanganya hata siku moja. Na wewe, kama angeanguka akipanda, usingeweza kuufunga huu mstari. Nakujua. Mkono ungekataa. Nisamehe, baba."

Fatonah, aliyekuwa mlangoni na glasi ya maji, alianza kulia.

"Ma," alisema Masut.

"Niambie umenisamehe."

"Ma, sikiliza."

"Nasikiliza. Sema."

Uso wake ulikuwa umelainika. Masut hakuwahi kuuona ukiwa hivyo tangu alipokuwa mtu mzima. Alikuwa ameusahau kabisa, kama mtu anavyosahau kwamba chumba fulani kina dirisha.

"Nimekusamehe, Ma," alisema.

"Haya. Kunja vizuri, usikanyage pindo."

Alifariki siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, bila usumbufu. Masut mwenyewe ndiye aliyelitandaza shuka. Lilimfika kuanzia utosini hadi vidoleni. Mchanga ulikuwa miguuni pake na mnyororo ulikuwa juu ya paji la uso, na kwa kuwa alikuwa mfupi, bolti ya sita ilikaa karibu na moyo, jambo ambalo Masut aliona ni ukorofi usio wa lazima. Wanawake walioingia kuhani walisifu rangi.

Alimwambia Fatonah baada ya hitima ya siku ya saba. Walikuwa wakianua vitambaa uani. Alimwambia yote, bolti, orodha, pengo. Fatonah alikunja kitambaa alichoshika mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ungeniambia," alisema mwishowe. "Neno moja tu, Bang. Fatonah, hapo paache. Ningepaacha."

"Najua."

"Nimempeleka mama yako na uongo wangu mkononi."

"Wangu."

"Nta ilikuwa yangu."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Fatonah alikaa siku kadhaa bila kugusa brashi, kisha kazi ikamrudisha, kwa sababu kitambaa kikishatiwa nta hakisubiri majonzi ya mtu. Lakini tangu hapo, kila alipokiinua kitambaa kwenye mwanga na kuona pengo, hakuliziba. Alikibeba kitambaa chote na fremu yake hadi kwa mumewe, akaweka kidole.

"Hili ni lako au ni kosa?"

"Kosa," Masut alikuwa akijibu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ndipo aliporudi kuliziba. Kazi ikawa inachelewa, na mteja mmoja mwenye hoteli akaenda kwingine.

Shuka, kama desturi inavyotaka, lilikwenda kwa Ja Limoh, aliyemwosha marehemu. *Ja* ni dada, na Ja Limoh alikuwa dada wa kila mtu: mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, mwosha maiti siku za misiba na muuza dagaa siku nyingine. Masut alidhani atalikunja aliweke kabatini, kama watu wanavyoweka vitu vya heshima. Alikuwa hamjui vizuri Ja Limoh.

Ilikuwa miezi mitatu baadaye, sokoni, asubuhi ya mvua. Alikuwa amekwenda kununua ngisi. Mwamba wa mashariki ulikuja mbele yake kati ya meza za samaki, umekunjwa katikati na kufungwa kiunoni, ukipanda na kushuka kwa kila hatua. Maji ya barafu yalikuwa yameulowesha mchanga.

"Bang Masut! Mbona siku hizi huonekani? Unanikimbia, au unadhani nitakupima sanda?" Ja Limoh alicheka kwa kicheko chake chote. "Usiogope, mrefu kama wewe maji mengi, sikutaki bado."

"Nipo, Ja. Kazi tu."

Hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiufuata mshono kutoka kwenye pindo lenye magamba ya samaki, kupita kibaraza, kupita goti, na alikuwa amefika kwenye bolti ya nne.

"We Bang, unatazama nini hapo? Watu wataongea. Mimi mjane."

"Natazama shuka."

"Ehee, wote husema hivyo." Aligeuka ili alione vizuri, upande huu na upande ule, kama msichana dukani. "Lakini nikuambie kweli, kitu mlichompa mama yenu, wallahi. Nalivaa kila siku, nimelifua sijui mara ngapi, na chumvi hii na jua hili. Tazama hapa." Akashika kitambaa juu kidogo ya paja, akakivuta kikanyooka kati ya mikono yake miwili. Ilikuwa ya sita. "Tazama. Halijavuja hata kidogo."

Masut aliinama akatazama.

"Fatonah," alisema, "akiziba, ameziba."

Akanunua ngisi wake akaenda.